Mvuvi Aliyezikwa na Miguu Yake Miwili

Wiki hii tumemzika mvuvi mmoja mzee wa Wagenia, watu wa maporomoko ya mto, jirani yetu, aliyekufa kwa uzee tu. Wasomaji wangu mtanisamehe nikiandika kwa furaha, maana katika nyumba ile kufa kwa uzee ni ushindi. Baba yake alikatwa mguu kabla ya kufa. Kaka yake pia. Wote walianza kwa kunywa maji mengi na kukonda, kisha kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona.

Ukoo ulikuwa na jibu lake. Wanaume wale hushinda juu ya miti iliyosimikwa kwenye maji makali, wakitega mitego, na miguu huchubuka kila siku. Basi wakasema ukoo jirani, unaotamani sehemu yao ya kutegea, umetupa dawa ya uchawi mtoni. Kwenye matanga ya kaka huyo, miaka michache iliyopita, nilikuwapo walipokuwa wakipanga kwenda kuwakabili. Ndipo mzee wetu huyu akasimama.

"Dada yetu iko nauza samaki kule sokoni Makiso," alisema. "Hajapanda muti ya kutegea hata siku moja. Na yeye mguu inaoza. Mto ilimufuata namna gani?"

Shangazi mmoja akasema, "Pengine uchawi ilipanda toleka!" Hata wafiwa walicheka, wakiuona uchawi umekaa nyuma ya baiskeli kama abiria.

Mzee hakucheka. "Papa, kaka, dada: damu ni moja. Bon, muite muuguzi apime damu yetu. Aanze na mimi."

Muuguzi alikuja kesho yake, akachoma vidole. Sukari ya mzee ilikuwa juu, ingawa hakuwa na kidonda wala maumivu. "Imenikuta ningali nasimama," alisema, na safari ya kuwakabili majirani ikaishia hapo. Tangu siku ile alimeza dawa zake, akapunguza fufu, ule ugali wa muhogo, na sukari, na kila jioni alikagua nyayo zake kama alivyokagua mitego. Akaweka pia desturi: katika kila matanga ya ukoo, kabla ya chakula, muuguzi hukaa mlangoni kupima sukari ya kila anayeingia.

Tunarithi kwa wazazi sehemu ya kutegea, lakini tunaona haya kuuliza walikufa kwa ugonjwa gani. Kisukari hupita katika familia. Si kila mtoto atakipata, ila mwenye mzazi au ndugu aliyeugua ana sababu ya kupima mapema. Siku tunazomtafuta mchawi ndizo mguu ulizozihitaji ili upone.

Juzi, kwenye matanga yake, vijana walijipanga mlangoni bila kuitwa. Mimi huona haya mbele za watu, lakini nilitoa kidole. Wanaume wa ukoo jirani walikuja kubeba jeneza.

Seremala, kabla ya kukata mbao, alikuwa ameuliza urefu. Katika nyumba ile alizoea kuuliza.

"Pima mpaka kwa vidole vya miguu, tonton," mwana wa mzee alimjibu. "Yote iko."