Nyumba Iliyokosa Mtu wa Tano

Nyumba alimozaliwa Edmond Mbuyu, ambayo alikuja kushindwa kuiokoa ilhali alikuwa ameshiriki kuokoa arobaini na moja za watu wengine, ilisimama mlimani Kalemie, juu kidogo ya stesheni, mahali ambapo ziwa huonekana mpaka macho yachoke. Baba yake, fundi mwashi wa reli, aliijenga kwa miaka sita, jioni baada ya kazi na Jumamosi kutwa. Matofali aliyachoma mwenyewe kwa udongo wa mto Lukuga. Barazani aliweka matao matatu, na kwa kuwa hakuwa na mchoro, tao la kati lilitoka pana kuliko mengine. Mkewe alikuwa akisema, "Hilo njo la wageni wanene."

Mzee yule kabla ya kufariki aliacha neno mbele ya jamaa wote: nyumba ni ya Félicien, kitindamimba. Edmond alikuwa tayari na kazi ya kuchora ramani katika reli, tena na nyumba ya kukaa, na mke msomi kutoka Moba, Florentine, aliyefundishwa na masista. Edmond hakunung'unika. Alimwandalia mdogo wake karatasi zote za kiwanja kwa mwandiko wake ulionyooka, akamkabidhi ufunguo. Félicien alikaa humo miaka michache, kisha akaenda Lubumbashi kutafuta maisha, akabaki huko. Nyumba ikapata wapangaji, na kila Jumapili baada ya misa Edmond alipita kuangalia kama bati halivuji.

Alipostaafu, ziwa lilikuwa limeanza kupanda. Lilikula baraza za nyumba za ufukweni, kisha vyumba, kisha barabara yenyewe. Wafanyabiashara waliopoteza maghala yao chini wakainua macho mlimani, ambako nyumba za kale zilikuwa zimesimama pakavu. Ghala moja la enzi za wakoloni, lenye paa la vigae, lilibomolewa kati ya Ijumaa na Jumatatu, na mji ukaamka umepungukiwa. Walimu wakaandika barua, parokia ikaandika, wazee wa reli wakaandika. Baada ya miezi minane meya alitia saini agizo la kuunda Tume ya Urithi wa Mji, yenye wajumbe saba. Nyumba yoyote iliyopita miaka hamsini haibomolewi mpaka tume ijibu. Lakini tume nayo ilipewa siku thelathini tu za kujibu. Zikipita kimya, mwenye nyumba ana ruhusa.

Edmond alifanywa katibu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika kanuni. Aliziandika kwa wiki tatu kwenye meza ya chakula, Florentine akipitia nyuma yake na penseli, maana alikuwa amefundisha sarufi miaka thelathini na hakumwonea mtu haya. Siku ya kuzisoma mbele ya wenzake, Edmond alifika kwenye kifungu cha tisa.

"Kikao ni watu watano. Pungufu ya hapo hakuna uamuzi. Na mjumbe mwenye jamaa katika nyumba inayozungumzwa atatoka nje, wala hatahesabiwa."

Papa Prospère, aliyekuwa mkuu wa stesheni na rafiki wa Edmond tangu shule ya mabruda, alicheka hadi akakohoa.

"Papa Edmond, katika Kalemie hii? Ukimtoa kila mwenye jamaa, kikao kitabaki cha mbuzi."

"Mbuzi nao wana jamaa," alisema Valère, mjenzi.

"Basi tutafunga mlango turudi nyumbani," Edmond alijibu, naye hakucheka. "Lakini mtu asije akasema tuligawana mji sisi kwa sisi."

Mama Clémence, wakili, ambaye alikuwa mwenyekiti, aliwaangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyepinga, na kifungu kikapita.

Kwa miaka miwili walifanya kazi hiyo bila kelele. Kila Jumatano walikwea mlima na utepe wa kupimia. Walipima kuta, waliuliza nani alijenga na nani alikaa, wakajaza karatasi ya nyumba. Tangazo lilibandikwa mlangoni siku kumi na nne ili mwenye neno alilete, kisha kikao kikapiga kura, na nyumba iliyokubaliwa ikapigiliwa kibati cha buluu. Si wote waliowapokea vizuri. Mama Blandine wa nyuma ya stesheni aliwazuia mlangoni na mwiko mkononi.

"Munapima nini? Mimi bado sijakufa."

"Hatuchukui nyumba, Mama. Tunaandika tu kwamba isibomolewe."

"Na bati langu linalovuja, munaliandika pia?"

"Hilo hapana, Mama."

"Basi pimeni mbiombio, mutoke. Mboga inaungua."

Ilipofika zamu ya duka la shemeji yake Valère, Edmond alimwonyesha Valère mlango. Mvua ilikuwa inanyesha na ukumbi wa tume haukuwa na baraza. Valère alirudi ameloa mpaka soksi, na duka la shemeji yake lilikuwa limenyimwa kibati kwa kura nne dhidi ya mbili. Hakusahau.

Nyumba ya mlimani yenye matao matatu haikuwa kwenye orodha. Florentine alimwuliza mumewe kuhusu jambo hilo mara moja, wakila.

"Na ya Mzee?"

"Itakuwa ya mwisho. Sitaki waseme Edmond alianza kwa baba yake."

"Na wakisema Edmond alimsahau baba yake?"

Edmond alivuta bakuli la samaki, akala.

Mwezi wa tano Papa Prospère aliugua siku nne, akafariki. Tume nzima ililala kilioni. Baada ya maziko Mama Clémence alimwita Edmond kando.

"Tumwandikie meya barua, atupatie mtu wa kukaa mahali pa Papa Prospère."

"Kilio hakijaondolewa, Mama Mwenyekiti."

"Najua. Lakini kazi?"

"Siku arobaini si nyingi. Mke wake yuko chini, kwenye mkeka, na mimi nipeleke jina la mtu mwingine? Watu watasema tulikuwa tunangoja afe. Nitamtazama Mama Abigaël na macho gani?"

Mama Clémence alikuwa mtu wa sheria, lakini pia alikuwa mtoto wa Kalemie. Aliona aibu kusisitiza. Kiti kikaachwa wazi hadi kilio kiondolewe, na hakuna aliyeona kosa hapo. Wangelipata wapi, ikiwa katika mji huu hata kijiko cha marehemu hakipewi mtu kabla ya siku hiyo?

Siku ya tisa baada ya maziko ikafika barua kutoka Lubumbashi. Félicien Mbuyu, mwenye nyumba, aliiomba tume ruhusa ya kubomoa, kwa kuwa amepata mnunuzi anayetaka kiwanja kitupu cha kujenga ghala. Edmond aliisoma amesimama. Kisha akakaa, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, na tangu saa ile siku thelathini zikaanza kuhesabika.

Alijua kwamba yeye hatapiga kura. Hata hivyo walibaki watano: Mama Clémence, Valère, sista wa parokia, mwalimu mmoja wa historia, na Joëlle, aliyefanya kazi katika biro, ofisi ya viwanja. Watano walitosha, na wote waliipenda ile nyumba. Tangazo likabandikwa siku kumi na nne, kikao kikapangwa siku ya ishirini. Siku ya kumi na saba Joëlle alipigiwa simu kutoka Nyunzu kwamba mama yake amefariki. Nani angemwambia asiende? Edmond mwenyewe ndiye aliyempeleka stesheni. Kikao kikasogezwa hadi siku ya ishirini na saba, maana Joëlle aliahidi kurudi kwa treni ya wiki ile.

Treni haikuja. Asubuhi ya kikao Joëlle alipiga simu, sauti ikikatika: injini imeharibika porini, pikipiki hazipiti kwa matope, hawezi kufika kabla ya wiki ijayo. Mama Clémence aliweka simu mezani. Walikuwa watano, na wa tano alikuwa Edmond.

"Kaa, Papa Edmond," alisema. "Hutasema, hutapiga kura. Ukae tu tuwe watano."

"Kifungu kinasema hatahesabiwa, Mama Mwenyekiti."

"Nani atajua?" aliuliza mwalimu.

"Wakili wa mnunuzi atauliza nani alikuwepo. Nami nitaandika ukweli."

Valère aliegemea kiti. "Papa Edmond, mwaka jana ulinitoa nje kwa sababu ya shemeji. Nikanyeshewa kama bata. Leo nakuambia mimi mwenyewe, mbele ya sista: kaa. Nimekusamehe ile mvua."

Edmond aliwatazama. Hakika alitaka kukaa. Kwa miaka miwili alikuwa ameingia katika nyumba za watu akiwaambia kwamba sheria hii haina kwetu wala kwenu, nao wakamfungulia. Aliinuka, akafunga daftari, akalisogeza mbele ya sista ili aandike mahali pake, akatoka.

Alisimama nje ya mlango akitazama ukuta. Baada ya muda mfupi Mama Clémence alifungua mlango. "Tuko wanne," alisema polepole, kana kwamba yeye Edmond hakujua.

Jioni ile Florentine hakumlaumu. Alisema neno moja tu: "Nenda kwa Abigaël."

Kesho yake asubuhi akaenda. Mjane wa Prospère alikuwa bado amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani. Edmond alikaa chini mbele yake, akaeleza kwa kuzungukazunguka, akaomba radhi kabla ya kuomba ruhusa. Mama Abigaël alimsikiliza hadi mwisho.

"Papa Edmond, njo hilo tu?"

"Njo hilo, Mama."

"Kama ungeniuliza siku ya kwanza, ningekubali siku ya kwanza. Prospère alishika stesheni miaka ishirini. Alikuwa anasema treni haingoji maiti." Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Ulininyamazia kwa heshima. Asante kwa heshima. Lakini hukuniuliza."

Barua iliandikwa saa ile ile juu ya goti. Meya alikuwa safarini Moba, na naibu wake hakuthubutu kuteua mtu, kwa kuwa agizo lilitaja saini ya meya. Mashua ya meya ilifika siku ya thelathini na moja. Meya alitia saini siku hiyo hiyo, na tume ikapata mjumbe wake wa saba. Lakini nyumba ilikuwa imekwisha kupotea tangu jana yake.

Félicien alikuja kwa ndege. Alimkuta kaka yake amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya wazazi, wapangaji wakitoa vitanda.

"Yaya," alisema Félicien, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao.

"Karibu. Umekonda."

"Lubumbashi haina samaki." Félicien alikaa ngazi moja chini yake. "Yaya, usinichukie. Watoto wangu hawatakuja kukaa hapa. Hata lugha yetu wanaisema kama wageni. Nilingoja unikataze. Ile barua niliituma nikisema, Yaya atapata namna."

"Nilikuwa na namna."

"Ulikuwa na miaka miwili. Ungeiandika siku moja tu kati ya hizo."

Edmond alisema, "Mnunuzi anakuja lini?"

"Alhamisi. Sahihi imekwisha kutiwa, siwezi kurudi nyuma."

"Basi nipe siku mbili. Nataka kuipima."

Jumanne na Jumatano ndugu wawili waliipima nyumba ya baba yao. Félicien alishika mwanzo wa utepe, Edmond alisoma namba na kuandika. Walipima unene wa kuta, upana wa madirisha, kimo cha kila ngazi. Katika chumba walimozaliwa wote wawili, Félicien aliuliza, "Ngapi?"

"Mita tatu na nusu, kwa tatu na robo."

"Mimi nilidhani ni kikubwa."

"Nami nilidhani hivyo."

Félicien aliachia utepe, akauweka uso wake ukutani. Edmond alingoja, kisha akamwambia kwa upole aushike tena, maana upande wa dirisha ulikuwa bado.

Alhamisi watu wa nyundo walifika. Matofali ya Mzee yalikuwa magumu, kazi iliwachukua siku nne. Edmond alienda kila siku na kusimama upande wa pili wa njia, amevaa koti kama mtu aliyefuata maiti.

Wapita njia walikuwa wamewaona ndugu wale wawili na utepe. Sokoni ikasemwa kwamba walikuwa wanapimia mnunuzi, kwamba katibu alitoka kikaoni makusudi ili kikao kivunjike, na kwamba fedha za mnunuzi zimegawanywa nusu kwa nusu. Hakuna hata faranga moja iliyoingia nyumbani kwa Edmond. Mkewe ndiye aliyeshika mkoba, naye alijua. Ila maneno yalipita kila mtaa, na hadi moyo wa Edmond ulipochoka ukasimama, mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, hakuna aliyemsikia akijitetea.

Valère aliwahi kugombana na mtu sokoni kwa sababu yake, akaja jioni na shati limechanika, amekasirika hasa kwa kuwa Edmond hakuwa amekasirika.

"Sema nao, Papa. Njoo usimame, useme mara moja."

Edmond alikuwa kwenye meza ya chakula, akimalizia mchoro wa nyumba kwa wino. Aliinua kalamu ili isidondoshe doa.

"Niseme nini, Valère?" alisema. "Nilitoka nje kweli."