Taa ya Uwanja na Pete ya Zohali

Shangazi aliileta darubini kutoka Naivasha ikiwa ndani ya boksi ambalo halijawahi kufunguliwa. Anafanya kazi kwenye shamba la maua huko, na mzungu mmoja aliyekuwa akihama aligawa vitu vya nyumba yake. Wenzake shangazi kazini walibeba masufuria na mapazia. Yeye akapewa boksi refu, akadhani ni stendi ya kitu fulani, wala hakuuliza. Alipoliweka juu ya meza yetu hapa mtaani Bondeni alimwambia mama, "Huyu wako ndiye huangalia juu kila saa. Mpe."

Ni kweli mimi huangalia juu, lakini haikuwa kwa sababu ya nyota. Mtu akinisalimia macho yangu hukosa pa kwenda, na kule juu hakuna mtu. Niliishia darasa la nane. Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga, na kazi hiyo inanifaa kwa sababu kelele yake haimwachii mtu nafasi ya kuongea. Mteja ananyoosha kidole, mimi natikisa kichwa, tumeelewana.

Tangu jioni ile boksi lilipofunguliwa sikutulia. Karatasi ya maelezo ilikuwa na lugha nyingi na hakuna hata moja niliyoweza kuisoma hadi mwisho, kwa hiyo nikafuata picha. Nilifunga miguu mitatu, nikaifungua tena, maana mmoja niliuweka kinyume. Vidole vilikuwa na unga, unga ukabaki kwenye kioo, na nilipopuliza nikaongeza mate. Mama aliniambia nile kwanza. Nikala nimesimama.

Nyumba zetu ni zile za zamani za kaunsili ya mji, mistari miwili inayotazamana, na katikati uwanja wenye mfereji wa kuchotea maji, kamba za nguo, na mwishoni choo na bafu lisilo na paa. Kesho yake kabla giza halijaingia niliisimamisha darubini karibu na mfereji, nikaielekeza kwenye tangi la maji lililo juu ya fleti ng'ambo ya ukuta. Tangi lilionekana, tena karibu sana, lakini lilikuwa limepinduka kichwa chini. Nikajua nimeiharibu. Nikairudisha ndani, nikafungua kila kitu, nikakifunga upya, nikatoka. Tangi bado lilikuwa kichwa chini. Baadaye niliiona picha kwenye karatasi, mti uliosimama kwa matawi yake, na mtu anayecheka kando yake, ndipo nikaelewa kwamba ndivyo kitu hiki kilivyo. Huko juu hakuna kichwa wala miguu, kwa hiyo haijalishi.

Jirani yetu mwenye bodaboda alikuwa amechuchumaa akikaza mnyororo wa pikipiki yake. "Niaje boss," akasema. "Hiyo ni bazuka ama?"

Nilitaka kumjibu. Jibu lilikuja nilipokuwa tayari nimelala.

Mwezi ulikuwa mwembamba, upande wa mjini. Kuupata ndani ya bomba la darubini kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ulipoingia nilishtuka nikarudi nyuma. Ukingo wake ulikuwa umeparara, wenye mashimo, kama kando ya chapati iliyoungua. Kisha ukaanza kuondoka. Niligeuka kuangalia ni mtoto gani ameusukuma mguu wa darubini, sikuona mtoto. Nikaurudisha, ukaondoka tena. Mwalimu wa darasa la tano alituambia kwamba dunia inazunguka, nikaandika kwenye mtihani, nikapata alama, lakini sidhani kama nilikuwa nimeamini.

Nilichotaka hasa ni Zohali. Jina hilo tulilikariri shuleni pamoja na mengine, sayari yenye pete, na kwa miaka yote hiyo lilikuwa neno tu. Simu ilinionyesha mahali: nyota ya manjano isiyometameta, upande wa mashariki, wa kuelekea Dundori. Lakini upande huo ndiko iliko taa ya uwanja. Ni balbu kubwa iliyo juu ya mlango wa nyumba ya kwanza, na nilipoielekeza darubini huko niliona weupe mtupu, kama maziwa.

Taa hiyo haizimwi. Tangu mtungi wa gesi ulipoibwa usiku ambao stima ilipotea, nyumba zote zilikubaliana kwamba iwake kuanzia jua kuzama hadi kuche, na swichi iko ndani ya nyumba hiyo, kwa mama wa mandazi, anayeamka kukaanga kabla ya kila mtu. Mtu anayetaka taa izimwe anataka nini? Hata mimi ningejiuliza.

Jioni ya tatu mama mmoja wa mstari wa pili alitoka, akaniona, akazianua nguo zake zikiwa bado zinadondoka maji. Asubuhi, kwenye mfereji, aliwasimulia wenzake. Mama yangu aliingia na ndoo, akaitua polepole.

"Wanasema unachungulia bafu."

"Mama, mimi..."

"Najua. Lakini mimi ndiye nachota maji na hawa watu. Maneno haya yasipoisha kufikia Jumamosi, hiki kitu kinarudi Naivasha."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua zaidi. Ningejua la kufanya na hasira, ningenyamaza tu. Sasa ilinibidi kuongea, tena na mama wa mandazi mwenye swichi, mlangoni kwake, ili niione Zohali kabla ya Jumamosi.

Kazini nilijaza ndoo ya mteja hadi unga ukamwagikia viatu vyake. Mkanda wa mashine ulipokuwa ukinguruma nilifanya mazoezi kwa sauti ya juu kabisa: "Mathe, naomba uzime taa kidogo!" Hakuna aliyenisikia. Mteja mmoja aliona midomo yangu ikienda, akadhani namwimbia, akacheka. Alhamisi mawingu yalifunga. Nikatoka, nikaingia, nikatoka kuangalia kama yameondoka, hadi mama akauliza kama tumbo linaniuma.

Ijumaa mvua ilinyesha mchana, kisha ikaacha anga limeoshwa. Giza lilipoingia nilikwenda hadi mlango wa kwanza, nikarudi. Nikaenda tena, nikasimama mkono umeinuliwa bila kubisha. Mlango ukafunguka wenyewe na mama wa mandazi akatokea na karai la maji machafu, nusura anirushie.

"Wewe! Unasimama kwa mlango ya watu kama nani?"

"Mathe, naomba uzime taa kidogo."

"Nizime nini?"

"Taa. Kidogo tu. Kuna nyota nataka kuona."

Aliweka karai chini, akageukia uwanja. "Jameni, njooni mskie! Huyu kijana anataka nizime stima!"

Milango ilifunguka. Wa bodaboda akasema, "Wezi wa siku hizi wana heshima. Wanaomba ruhusa!" Watu wakaangua kicheko. Yule mama wa nguo hakucheka. Alikunja mikono. "Muulizeni kwanza ni nini anaangaliaga kwa bafu."

Kicheko kikakatika. Mama yangu alikuwa mlangoni kwetu, ameshika mwiko. Nilitafuta juu pa kutazama, nikakutana na ile balbu, ikaniumiza macho. Nikayarudisha chini kwa yule mama.

"Hata ningekuchungulia," nikasema, "ningekuona ukining'inia kama popo."

"Ati nini?"

"Inapindua vitu. Kila kitu kiko kichwa chini."

Mama wa mandazi alitaka kuona. Nilileta darubini, nikaielekeza kwenye tangi la fleti, ambalo lina taa yake. Aliinama, akafumba jicho, akafumba lingine, mwishowe akapata. "Woi! Tangi imepinduka! Na maji haimwagiki?" Basi kila mtu akataka tangi. Wa bodaboda aliangalia huku amejipinda shingo ili alione likiwa wima.

Mama wa nguo aliangalia kwa muda, kisha akainuka. "Sawa. Lakini hata anayeonekana kichwa chini, si bado ni mtu?"

Alikuwa amesema kweli.

"Ndiyo," nikasema. "Lakini mimi nataka kuelekeza huku tu." Nikaonyesha upande wa Dundori. "Ukitaka, simama hapa uishikilie, isigeuke kwingine."

Wakatazamana. Mama wa mandazi ndiye aliyeamua. "Nimeweka chai kwa jiko. Nitazima, lakini kila mtu atoe kiti akae hapa nje, tuone huyo mwizi atapitia wapi. Chai ikichemka, nawasha."

Taa ikazimika. Mtu akasema "uui" gizani. Sikuwa nimewahi kuona uwanja wetu hivyo. Nyota zilishuka hadi kwenye mabati. Ile nyota ya manjano iliingia na kutoka bila kutulia. Ilipokaa, niliona duara kubwa lenye tundu jeusi katikati, na nusura nipige kelele kwamba ndiyo pete. Lakini nilipozungusha kitufe cha kurekebisha picha, kilicho kando ya bomba, duara likasinyaa, likawa dogo, dogo zaidi, na ghafla likawa kitu kingine.

Kilikuwa kidogo kama chenga ya mahindi. Kando yake huku na huku palikuwa na pete, nyembamba, imelala mshazari, haijagusana na kile kitu. Kilikuwa kimetulia. Neno nililolikariri lilikuwa limekaa pale wakati wote.

"Toka na sisi tuone," mama wa mandazi akanisukuma. Akainama. "Mbona kadogo hivi? Ngoja. Umebandika picha ndani." Akapitisha kiganja mbele ya bomba, akakitoa, akakirudisha. "Ni picha."

"Mathe, endelea kuangalia. Usiiguse."

"Naangalia. Ni picha ya... Ala! Inaenda! Inaenda wapi?"

"Si hiyo inaenda. Ni sisi."

Nilimrudishia. Ikabidi nimrudishie kila mtu, kila mara ilipotoroka, na kila mara kueleza, na sauti yangu ilikuwa ikitoka tu. Zamu ya mama wa nguo ilipofika aliitazama hadi ikapotea ukingoni.

"Kwa hivyo hata saa hii tunaenda?"

"Tunaenda."

Alinyoosha mkono akashika mlingoti wa kamba ya nguo.

Mama yangu aliangalia wa mwisho, mwiko bado mkononi. Alisema "haya," basi. Tukasikia harufu ya chai iliyomwagikia makaa, mama wa mandazi akakimbia ndani akilalamika, na balbu ikatufumbisha macho sote.

Jumamosi mama hakuitaja darubini. Sikujua kama kimya hicho ni ndiyo au hapana, na sikuweza kuuliza, maneno yangu yote yalikuwa yameisha Ijumaa. Niliifungua vipande, nikaipanga ndani ya boksi, nikaketi kando yake. Jua likazama. Nilikuwa nikingoja ule mwanga wa balbu unaopitia chini ya mlango wetu kila jioni. Haukuja. Mlango ukabishwa kwa nguvu, na nje alikuwa mama wa mandazi.

"Wewe! Nimewaacha bila taa, watu wamekaa nje, na umejifungia?"

Nilichungulia. Nusu ya anga ilikuwa imefungwa. "Kuna mawingu, mathe."

"Si yatatoka."

Nilimtazama mama. Aliendelea kuchambua maharagwe. "Toa hilo boksi njiani," akasema, "na ukirudi, darubini ikae nyuma ya kabati, isigongwe."

Nikaifunga miguu nje, gizani, kwa kupapasa. Mawingu yalikuwa yakienda na kila mtu alikuwa na rai yake kuhusu yanakoelekea. Mama wa nguo alikuwa amefua. Nguo zake zote zilikuwa kambani, hakuwa ameanua hata moja, na shati moja la kiume lilikuwa limenizibia upande wa Dundori.

"Mathe," nikamwambia, "naomba usogeze hilo shati."

Akalisogeza.