Kupiga Magoti Kabla ya Wakati

Jumamosi ya pili ya Juni, saa nane na dakika chache mchana, nilikuwa nimeketi kwenye kiti kikubwa tulichoazimwa na paroko, katika ukumbi wa parokia huko Kishanda, nikiimba kwamba sitampigia mtu yeyote magoti.

Igizo letu lilikuwa la muziki. Lilimhusu mjane, mfanyabiashara wa kahawa, anayerudi kwa wakwe zake akiwa na gari na bila adabu. Kwa nyimbo nane anakataa kupiga magoti. Katika wimbo wa tisa anampigia mama mkwe wake, na pazia linafungwa. Mgeni anaweza kuona kwamba hilo ni jambo dogo la kujengea igizo zima. Kwetu mwanamke humsalimia mkubwa wake akiwa amepiga magoti, na haondoki chini mpaka habari zote zimeulizwa na kujibiwa. Mwanamke asiyefanya hivyo anatosha kabisa kwa saa mbili.

Nilikuwa nimeigiza kwa zaidi ya miaka ishirini, hasa wakati wa likizo, kwa kuwa kazi yangu ni ualimu. Tumeimba Bukoba mjini, tumeimba Muleba, tumeimba Kemondo ndani ya ghala tukishindana na winchi ya bandarini. Nimekuwa muuguzi, nimekuwa mke wa mtemi, na mara moja nimekuwa Ziwa, kwa sababu gauni la bluu lilinitosha mimi peke yangu. Katika miaka hiyo yote mama yangu, anayeishi Kaagya kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, hakuja kunitazama hata mara moja. Hakuwa na chuki na nyimbo. Aliamini tu kwamba mtu huimba kanisani, amevaa joho, amesimama mahali pamoja. Kila mwaka nilimwalika, na kila mwaka alinijibu kwamba migomba haijipalilii.

Kwa hiyo sikumtarajia Kishanda. Nilikuwa nimesahau kwamba mdogo wake ameolewa huko.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili taa zetu mbili zionekane. Nilikuwa katika ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza mlango wa nyuma ulipofunguliwa na mwanga wa mchana ukaingia hadi jukwaani. Mlangoni walisimama wanawake wawili wenye vikapu. Mmoja alikuwa mama mdogo. Mwingine alikuwa mama yangu, naye hakuketi. Alisimama kwenye njia ya katikati, akanitazama, akangoja.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Nilitoka kitini, nikapiga magoti kwenye mbao za jukwaa, nikamsalimia kwa Kihaya.

"Ee, waitu," akaitikia kutoka kule nyuma. "Mmeshindaje?"

"Tumeshinda salama, Mama. Kaagya hawajambo?"

"Hawajambo. Watoto?"

"Wazima."

"Na yule wa kifua?"

"Amepona, Mama. Ng'ombe amezaa?"

"Amezaa. Dume."

Ukumbi mzima ulipokea habari za dume kwa mguno wa pole. Nyuma yangu nikasikia mbao zikilia: waitikiaji sita, wote wasichana waliolelewa huku, walikuwa wakipiga magoti mmoja baada ya mwingine. Mpiga kinanda, ambaye ni mtu wa busara, alikuwa akirudia utangulizi wa wimbo, na aliendelea kuurudia kwa muda wote ambao mama yangu aliona unafaa kuuliza kuhusu mume wangu, paa la nyumba yangu na mvua ya upande wa mjini.

"Haya," akasema hatimaye. "Endeleeni."

Akaketi. Mimi sikuweza kuinuka. Goti langu la kushoto lina umri mkubwa kuliko mimi. Waitikiaji wawili waliniinua na kunirudisha kitini, nami nikaendelea kuimba, kwa sauti kamili, kwamba sitampigia mtu yeyote magoti.

Watazamaji wa Kishanda walikuwa na adabu. Walivumilia nyimbo saba zaidi bila kusema lolote. Lakini katika wimbo wa tisa, nilipopiga magoti mbele ya mama mkwe na kinanda kikanyamaza kama tulivyofanya mazoezi kwa miezi miwili, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliuliza, "Tena?" Ukumbi ukacheka mpaka pazia likafungwa.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye shahada, mtu wa Morogoro. Alinikuta nyuma ya jukwaa nikivua gomesi, lile gauni refu la mjane lenye mabega yaliyochongoka.

"Dada, umepiga magoti kwenye wimbo wa kwanza."

"Aliyeingia ni mama yangu."

"Mama yako hayumo kwenye andiko."

"Najua. Nimelisoma."

"Basi angengoja."

"Angoje nini?"

"Mwisho, dada! Ungemsalimia mwisho!"

Nilijaribu kumweleza kwamba nisingeweza kumwacha mama yangu amesimama kwa saa mbili. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema kwamba onyesho la Bukoba, mwishoni mwa Julai, ndilo la mwisho na ndilo lenye wageni, na kwamba nikiondoka tena kwenye kile kiti kabla ya wakati, nafasi yangu ataichukua mmoja wa waitikiaji. Alishamchagua. Binti huyo anazijua nyimbo zote tisa na mama yake anaishi Mwanza.

Nje, mama yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, anakula karanga.

"Yule mwanamke uliyekuwa wewe," akasema, "hana adabu."

"Ndiyo, Mama. Ndilo igizo lenyewe."

"Lakini alinisalimia."

"Aliyekusalimia ni mimi."

"Nilijua. Yule asingeuliza habari za ng'ombe." Akatafuna. "Hata hivyo anaimba vizuri. Nilitaka kuona atakavyotubu, nao wakacheka. Sikuona kitu."

Mama mdogo akadakia, "Si wewe uliyechelewa? Nilikwambia ndizi tutapika tukirudi!"

"Niende kwa watu na njaa?"

Katika miaka ishirini na zaidi, hilo lilikuwa ombi lake la kwanza kuhusu kazi yangu: alitaka kuona mwisho. Nililifikiria kwa majuma matatu, nikisahihisha mitihani. Simu ya mama yangu ni ya misiba. Jambo la hiari huandikiwa barua, naye huisoma mara mbili akiwa na miwani. Nilipeleka nakala kwa mwongozaji, ili asije akasema hakuarifiwa. Niliandika hivi:

*Mama mpendwa,*

*Shikamoo. Sisi hatujambo, na kifua cha mtoto hakijarudi.*

*Tunaimba Bukoba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane. Nakuomba ufike saa saba. Nitakuwa mlangoni nikiwa nimeshavaa gomesi la yule mwanamke, lakini nitakuwa bado mimi. Nitakusalimia hapo nje, kwenye mkeka, na utaniuliza habari zote utakazo, za paa pia. Baada ya hapo utaketi mstari wa mbele, na utamwona mwisho wake kama ulivyotaka, bila mtu kucheka.*

*Chakula kitakuwepo kwangu. Tafadhali usipike kwanza.*

*Nimeambiwa kwamba nikipiga magoti mapema tena nitanyang'anywa nafasi. Nimeona ni vizuri ulijue hilo kutoka kwangu. Ukichelewa, ingia tu, usisimame nje ukiona haya. Nitashuka kwenye kiti kama kawaida.*

*Mwanao.*