Koo la Mdogo Wangu

Juzi nilikatiza Biryogo, mtaa niliokulia, kwenda kwa fundi wangu wa nguo. Rafiki yangu, ungepaona! Barabara imepakwa rangi, magari hayapiti tena, watu wamekaa katikati kabisa wanakunywa chai ya tangawizi. Nikachungulia ua mmoja, nikaona mtoto amekalishwa kwenye beseni, amezungushiwa vitenge pande zote asianguke. Nikasimama kumtazama.

Hivyo hivyo ndivyo bibi alivyomfundisha mdogo wangu kukaa.

Tuliishi mimi, mama na bibi mzaa baba. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa, akija nyumbani kama mgeni. Mdogo wangu alipozaliwa, shehe alikuja kumwadhinia sikioni, lakini bibi akasema hiyo peke yake haitoshi, lazima tule ubunnyano, karamu ya watoto ya kumpa mtoto mchanga jina. Basi sisi watoto wa mtaa tukatumwa uani na vijiti, tujifanye tunalima. Bibi akaturushia maji, "Mvua hiyo!", tukakimbilia ndani kwa makelele, tukala maharage kwenye ungo mmoja, kisha kila mmoja akataja jina alilompa mtoto. Kuna aliyemwita Chapati. Wallahi, nyumba nzima ilivunjika mbavu.

Kila asubuhi bibi alimkanda kwa siagi juani, akimnyoosha mikono na miguu. Shingo ilipokaza, alimlaza kifudifudi. Jino liliposumbua, alimsugua ufizi kwa kidole. Kazi yangu ilikuwa kufua nepi na kumchekesha mtoto wakati mama anakaanga sambusa za kuuza. Mtoto alianza kutambaa kinyumenyume, akaishia chini ya kitanda, akalia kwa hasira kama tumemsukuma sisi. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Mvua kubwa zilipoanza, kikohozi kikamwingia. Akinyonya, anatapika. Mashavu yakaisha, kutambaa akaacha. Mama akataka kumpeleka kituo cha afya. Jirani yetu, mwanamke mshonaji, akamfungua mdomo, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu mtoto iko na kirimi," alimwambia bibi. "Munganga wa kituo akimupiga sindano, atamuua."

Kirimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Watanzania wanakiita kimeo. Kwetu watu waliamini kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi na kumzuia mtoto kukua, na dawa yake ni kukikata. Sindano ndiyo iliyoogopwa, si kisu. Jamani! Bibi aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Kwake yeye, alikuwa anamwokoa mjukuu. Mama alibisha, akalia, lakini mke wa mtu atabishana na mama mkwe hadi wapi?

Mkataji alikuja adhuhuri, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya upole, kisu chake kidogo kimepindwa ncha. Mimi nilitolewa nje. Nikasikia kilio kimoja, halafu mkoromo. Mama alipotoka na mtoto, kitenge chake kilikuwa kimelowa damu kifuani.

Hakunyonya tena. Kesho yake mama hakuomba ruhusa ya mtu, alimfunga mgongoni akakimbia naye kituo cha afya, mimi nyuma yake. Muuguzi alimshika, akamtazama mama, akauliza kwa nini tumechelewa namna ile. Tulimzika kabla ya magharibi.

Mama hakumlaumu bibi hata siku moja. Alimpakulia chakula wa kwanza, akampashia maji ya kuoga, akamwita mama vile vile. Lakini bibi hakugusa tena mtoto wa mtu. Majirani wakimletea mtoto mchanga ambariki, alificha mikono ndani ya mtandio. Mara nyingine nadhani mama angempigia kelele mara moja tu, bibi angeishi zaidi.

Sasa bibi hayupo, mshonaji amehama, ua wetu umevunjwa pamejengwa mkahawa. Picha ya mtoto hatukupiga. Baba alirudi safari akakuta tanga limeshaanuliwa, akauliza mtoto alivyokua alifanana na nani.

Mama anakaa nami mtaa wa Niboye. Wageni wakimuuliza amezaa wangapi, anasema, "Mmoja tu, huyu." Nami namimina chai. Tulikuwa wawili.