Mama wa Ng'ambo ya Mfereji

Kutoka stoo ya maharage kule Sofia, mpakani upande wa Uganda, hadi geti la shule ya ng'ambo ni hatua mia nne na kidogo. Asekenye alizihesabu mwenyewe mara tatu, mara moja akitembea na mara mbili akikimbia, huku wanawake wenzake wa kuchambua maharage wakimtazama kutoka mlangoni na nyungo zao mikononi, wanavunjika mbavu.

"Huyu mama wa Tororo akili imeruka," alisema Ajambo, jirani yake wa mkekani. "Wenzake wanauliza shule iko na alama ngapi, yeye napima barabara!"

Waache wacheke. Mtoto wao akianguka, anainuka akajipangusa vumbi. Among, binti wa pekee wa Asekenye, akianguka, ilikuwa ni kifafa. Na mama mwenye mtoto wa namna hiyo hachagui shule kama watu wengine. Asekenye alitaka vitu viwili tu: mwalimu ambaye hatakimbia mtoto akianguka, na yeye mwenyewe afike kabla mtoto hajazinduka. Kwa sababu Among akizinduka alikuwa hajui yuko wapi wala watu wanaomzunguka ni nani, na kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa sauti ya mama yake. Asipoisikia, alilia kilio ambacho Asekenye hakutaka kukikumbuka.

Baba wa mtoto, Ofumbi, alirudi kwao Iyolwa mtoto akiwa na miaka mitatu. Alisema katika ukoo wao hakuna ugonjwa kama huo. Katika ukoo wao kulikuwa na nini, hilo hakulisema.

Shule ya kwanza ilikuwa upande wa Uganda, nyuma ya soko. Asekenye aliwaambia ukweli wote siku ya kuandikisha. Wakamshukuru, wakamweka Among dawati la nyuma peke yake, na kikombe chake cha uji wakakitundika kwenye msumari wake, mbali na vikombe vya wenzake. Wiki ya pili akaanguka. Watoto wakakimbia nje kwa kupitia madirishani, na mwalimu wa darasa alikuwa wa kwanza kuruka, maana watu wengi huko bado wanaamini povu likikugusa na wewe umeupata. Mwalimu mkuu akamwita Asekenye ofisini. "Mama, sisi hatumfukuzi," alisema. "Lakini wazazi wengine nalalamika. Mpumzishe nyumbani kwanza." Ile "kwanza" haijaisha mpaka leo.

Shule ya pili ilikuwa ya binafsi, ukuta wake umechorwa simba na twiga. Mama wa ofisini alisikiliza vizuri sana hadi lilipotajwa neno kifafa. Hapo akavuta kiti chake nyuma kidogo, akasema nafasi zimejaa. Asekenye alipokuwa akitoka, alipishana mlangoni na mama mwingine na mtoto wake. Hao wakapata nafasi.

Wenye methali wanapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Mimi nasema huyu hakuficha. Aliyasema waziwazi mara mbili, na mara mbili akafungiwa geti. Methali ya mtu kama huyo ni ipi?

Shule ya tatu aliiona akiwa kazini. Stoo ilikaa karibu na mfereji ambao watu wa pale huuhesabu kuwa ndio mpaka, na ng'ambo ya mfereji ni Kenya, na ua wa shule. Siku moja wakati wa mapumziko aliona mtoto mdogo amejichafua, wenzake wanaanza kumzomea. Mwalimu mmoja mnene akavua sweta lake la njano, akamfunga nalo kiunoni, kisha akatembea naye polepole hadi chooni, yeye mwenyewe akikaa upande wa wale wenye kuzomea ili wasimwone. Asekenye aliweka ungo chini. Akasema, hiyo.

Yule mwalimu aliitwa Madam Lillian. Asekenye alivuka akamweleza yote, akingoja kiti kivutwe nyuma. Hakikuvutwa.

"Mlete," alisema Madam Lillian. "Akianguka, nitaketi chini pamoja naye. Lakini mwalimu mkuu atataka cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Bila hicho, jina halikubaliki kwenye kompyuta."

Cheti kilikuwapo. Dada yake mkubwa, Maggie, alikuwa ameolewa ng'ambo na Mangeni, Msamia, askari wa lindo kule Nakuru. Walimzaa Shallon mwaka uleule aliozaliwa Among, na Shallon akafa akiwa na miezi minne. Cheti chake kilibaki ndani ya mkebe, pamoja na picha ya harusi. Maggie alikileta kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akakiweka juu ya maharage.

"Dada, sasa Mangeni atasema nini?" Asekenye aliuliza.

"Mangeni hana haja ya kujua, atatusumbua na maswali tu. Kwani kwetu mtoto wa dada si mtoto wako? Hapo tumemdanganya nani?"

Na kwa desturi ya kwao, kwa kweli, hawakumdanganya mtu. Mtoto wa Kiteso ana mama wengi kadiri mama yake alivyo na dada. Asekenye alilia kidogo, akakubali. Ila jina lilimuuma. Among alikuwa amepewa jina kwa mila: bibi alichovya kidole katika pombe ya wimbi, akawa anataja majina ya wahenga huku akikipeleka kidole mdomoni mwa kichanga, na lilipotajwa la Among, mama wa bibi, mtoto akalamba. Alilichagua mwenyewe. Sasa akaambiwa akifika mfereji aliache.

Fomu ya shule ilijazwa na Maggie. Mama: Maggie. Baba: Mangeni. Simu ya mama, simu ya baba, zote za Kenya. Namba ya Asekenye haikuandikwa, kwa sababu ilikuwa ya Uganda na ingewaumbua. Penye swali la ugonjwa, Maggie aliandika hakuna. Madam Lillian alijua ukweli, na hilo lilitosha.

Kilichobaki ni kumfundisha mtoto. Juu ya mfereji palikuwa na ubao wa kuvukia, na Asekenye alimfundishia hapohapo. "Ukivuka, wewe ni Shallon. Mama ni mama Maggie. Mimi ni mama mdogo. Mtu yeyote mwenye yunifomu akiuliza, sema hivyo. Ukirudi huku, mimi ni mama." Among aliuchukua kama mchezo. Jioni alipanda ubao kimya, na mguu wake ukigusa tu upande wa Uganda, alipaza sauti, "Mama!" hadi wachambuzi wakacheka wote, hata Ajambo.

Ilikuwa miaka miwili mizuri, na niseme wazi kwamba Asekenye hakuwahi kupata mingine. Among alianguka mara tisa. Kila mara Madam Lillian alimlaza ubavu, akaketi naye sakafuni, akawaambia watoto waendelee kusoma, na akatundika lile sweta la njano juu ya ua. Asekenye akiliona, hatua mia nne alizimaliza ungo ukiwa bado unazunguka mkekani. Watoto wa darasa lile walijifunza kusogeza madawati wenyewe. Among akajua kusoma. Alisoma maandishi ya kwenye magunia kwa sauti, mama yake akiinama asionekane macho.

Kisha likizo ya Desemba ikaleta barua ya uhamisho. Asekenye aliijua habari hiyo siku ya kufungua shule: Madam Lillian alikuwa amepelekwa shule ya mbali, huko ziwani, na darasani kulikuwa na kijana mpole, Mwalimu Brian, aliyeletwa wiki ileile.

Mara tatu Asekenye alifika mlangoni pa darasa amwambie. Mara tatu akarudi. Angeanzia wapi? Angesema mtoto ana kifafa, aulizwe kwa nini fomu inasema hana. Aulizwe wazazi wako wapi, na yeye mama mdogo anahusikaje. Na mageti mawili aliyofungiwa alikuwa bado anasikia yanavyolia. "Nitamwambia Ijumaa," akasema. Ijumaa ikaja ikapita. Akahamisha mkeka wake, akaketi akiuelekea ule ua, kana kwamba sweta lingejitundika lenyewe.

Kwenye kituo cha afya dawa za mtoto zilikuwa zimekwisha kwa wiki ya pili. Jumatano, saa nne kasoro, Among akaanguka.

Mwalimu Brian hakukimbia. Nalisema hili kwa sababu ni haki yake. Alimlaza, akafungua daftari la darasa, akapiga simu ya mama. Mama huyo, Maggie, alikuwa amevuka kununua nyanya, na kama wafanyavyo watu wote wa mpakani, alikuwa ametoa laini ya Kenya akaweka ya Uganda. Hakupatikana. Mwalimu akapiga ya baba. Ikapokewa Nakuru.

"Mzee, mimi ni mwalimu wa mtoto wako Shallon. Ameanguka, hali si nzuri, tunampeleka hospitali."

Mangeni aliitazama tena ile namba, hakuijua. Shallon wake alikuwa amemzika mwenyewe, kwa mikono yake, nyuma ya nyumba, kwenye mpera. Na mwezi uliopita tu matapeli walimpigia askari mwenzake kwa maneno hayohayo, mtoto ameanguka, hospitali.

"Mwacheni mtoto wangu alale," alisema. "Mbwa nyinyi!" Akaizima simu kabisa.

Saa nne unusu Asekenye aliona bodaboda ikipita barabara ya ng'ambo, mtu nyuma amemkumbatia mtoto aliyefunikwa koti. Akatazama juu ya ua wa shule. Hapakuwa na sweta. "Pole yake mama wa huyo," alimwambia Ajambo, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Saa saba watoto wadogo walitoka, Among hakutoka. Asekenye alipokimbia zile hatua mia nne, mlinzi wa geti alimwambia kwa upole, "Shallon? Huyo alipelekwa hospitali kitambo."

Kwenye mlango wa wodi alimkuta Mwalimu Brian kwenye benchi, shati limechafuka, uso umechoka. Muuguzi alisimama na faili mkononi.

"Wewe ni nani wa mtoto?"

"Ni mama yake mdogo," alijibu Mwalimu Brian, akidhani anamsaidia.

"Tunamtaka mzazi. Mtoto amekaa muda mrefu bila kuzinduka, na hatujui anatumia dawa gani."

"Mimi ndiye mama yake," alisema Asekenye. "Ni mimi nilimzaa. Naitwa Asekenye, na yeye anaitwa Among. Iko na kifafa tangu miaka miwili, dawa zake naweza kukutajia zote. Niache niingie, sista. Akiamka asiponisikia, analia."

Muuguzi akasoma faili. Akamtazama Mwalimu Brian, ambaye naye alikuwa amepigwa na butwaa. "Mama," alisema, na hakuwa mtu mbaya, "hapa mpakani watoto wanaibwa. Ngoja nimuulize mwenyewe." Akafungua pazia.

Among alikuwa macho. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda, na mkono wake wa kushoto ulilala kama si wake.

"Shallon, huyu unamjua?"

Mtoto aliitazama ile yunifomu nyeupe. Akamtazama mama yake. Midomo ilimcheza, macho yakajaa machozi, lakini alikuwa amefundishwa miaka miwili na hakuwahi kukosea hata mara moja.

"Ni mama mdogo," alisema.

Kisha akangoja asifiwe. Muuguzi akafunga pazia. Asekenye alikaa nje hadi saa kumi, Maggie alipofika na kitambulisho chake akatia sahihi, na muda wote huo alimsikia mtoto akilia kile kilio, hatua sita kutoka alipokuwa.

Siku ya tatu waliruhusiwa. Daktari alisema mkono huenda ukapona, huenda usipone. Walipitia shuleni kuchukua madaftari. Mwalimu mkuu, akiwa sasa amejua yote, alisema hatawaita polisi, kwa huruma, lakini jina amelifuta, na mtoto kama huyu atafutiwe shule maalumu. Iko wapi? Mbali, alisema, na ni ya bweni. Mwalimu Brian alisimama dirishani, hakutoka. Maggie naye alikuwa akiichungulia barabara, maana shule ilimpigia Mangeni tena, na sasa alikuwa ndani ya basi anakuja kuuliza ni nani anayeitwa kwa jina la mtoto wake.

Asekenye akambeba Among mgongoni, jinsi alivyokuwa mkubwa, wakashuka kuelekea mfereji. Stoo ilionekana. Kesho mtoto angekaa pale juu ya magunia, na kesho kutwa, na siku zote atakazoanguka. Hakuna geti la nne. Alisimama kabla ya ubao, bado upande wa Kenya.

"Among," alisema. "Imekwisha ile. Niite mama."

Mtoto aliinua kichwa begani pake. Akautazama ubao, akatazama nyuma kama kuna mwenye yunifomu.

"Hatujavuka," alinong'ona.