Mchumba Asiyejua Chumvi

Wasichana wa bweni walimpachika matroni wao jina la Kufuli, kwa jinsi alivyowahi kufunga geti, naye akaitika. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na binti wa dada yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye kila jioni alishuka chumbani kwake wanywe chai na kuwasengenya walimu.

Kisha akaja mchumba wa mtandaoni. Sasa binti aliingia, akainamia simu, akaichekea. Kufuli alishikwa na wivu, tena wa kuwaka kifuani. Alimwonea wivu mwanamume kwa kumnyang'anya mtoto, na mtoto kwa kupata wa kumwamsha kwa maneno matamu. Yeye aliamshwa na kengele. Majuma yakapita, naye kila jioni akawa anamsimanga binti.

"Ni injinia wa melini, mama mdogo. Mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili kakinyonya kwa mama yake," binti alijisifu. "Leo kaomba picha. Ile ya... bila nguo. Nimeshaipiga. Ni siri yetu wawili."

"Wawili wapi! Ikitoka tu kwenye simu yako, atakutishia nayo mpaka ujute kuzaliwa."

"Una wivu tu."

"Ninao, sikatai! Hebu nione anavyoandika, na mimi nifaidi."

Binti akampa simu, Kufuli akasoma: "Habari za asubuhi, mtoto mchanga. Ninakukosa vibaya."

"Mtoto mchanga? Anataka kukuoa au kukunyonyesha?" Kufuli aliuliza. "Huyu anatafsiriwa na mashine. Mwandikie kwamba mama yako mdogo amekula chumvi nyingi, anataka kuongea naye."

Binti aliandika huku amenuna. Jibu likaja chapuchapu: "Pole sana. Mpeleke hospitali haraka. Chumvi ni hatari kwa shinikizo la damu."

Kufuli alicheka mpaka akashika ukuta. Raha ya kumshinda yule bwana ilimpanda kichwani, asione kwamba binti hacheki. Alikuwa anaifuta ile picha, machozi yanamtiririka.

"Nilikuwa naona anavyokosea maneno," binti alisema. "Lakini hakuna mwingine aliyewahi kuniambia ana hamu na mimi."

Kicheko kikamkatika Kufuli. Majuma yote hayo alikuwa na hamu na mtoto huyu kupita kiasi, na alichompa kila jioni ni masimango.