Nilimrudishia Nekesa Mguu Mmoja

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale mtaani Kisumu Ndogo, nilimfupisha msichana mmoja kwa makusudi. Nasema kwa makusudi kwa sababu watu wazima hupenda kusimulia ukatili wao wa utotoni kana kwamba ulikuwa ujinga tu, eti mtoto hajui. Mimi nilijua, na nilifurahia.

Msichana huyo ni Nekesa. Alikuwa na miaka mitano, mtoto wa pekee wa Mama Nekesa, jirani yetu mlango wa tatu, mama aliyetoka upande wa Bungoma na aliyezunguka mitaa ya watu akiwafulia nguo. Mwanawe alishinda nasi nje. Sisi wasichana wakubwa tulicheza blada, ile kamba ya vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyofungwa pamoja. Wawili wanaivaa miguuni na kuinyoosha, wa tatu anairuka, na kila akifaulu inapandishwa: magotini, kiunoni, mpaka shingoni. Hakuna aliyependa kuwa nguzo. Nguzo ilikuwa Nekesa.

Tulimpenda kwa kazi hiyo kwa sababu shingo yake ilikuwa chini. Kamba ikifika shingoni, upande wake ilibaki usawa wa kifua changu, na hapo ndipo niliporukia. Wenzangu walikuwa wakitania, "Huyu asirefuke, tutatoa nguzo wapi?" Naye alicheka pamoja nao, akiona ametajwa.

Sasa, kwetu kulikuwa na jambo ambalo kila mtoto alilijua kabla hajajua kusoma. Ukimruka mtoto aliyekaa au kulala, hakui tena. Anabaki pale pale alipo. Dawa ilikuwa moja tu: yule yule aliyemruka arudi, amruke tena kwa njia ile ile aliyojia. Hapo amemrudisha. Akina mama wa ploti yetu, ile safu ya vyumba vya kupanga, walibishana kuhusu makanisa, maji na zamu ya kufagia, lakini hili hakuna aliyelibisha.

Mchana mmoja wa likizo nilikuwa nimefika shingoni, nikakimbia na kuruka. Nekesa alikuwa amechoka. Nikiwa hewani akaketi chini na kunyoosha miguu yake, kamba ikalegea, ikaninasa, nikaanguka na kuchubuka goti. Wote walicheka. Niliinuka, nikamtazama vile alivyokaa, nikamruka.

Kicheko kilikatika.

"Umemruka mtoto," mmoja akasema. "Mrudishe."

Nekesa alianza kulia bila kuinuka, maana aliogopa akisimama jambo litaharibika zaidi. "Mueni, nirudishe," akaniomba. "Nirudishe tu."

Nikarudi. Nikavusha mguu mmoja juu ya miguu yake, nikasimama hivyo nimetagaa juu yake, kisha nikauvuta mguu wangu nikarudi nilikotoka. "Nimekurudishia mguu mmoja," nikamwambia. "Huo mwingine nitarudisha nikijisikia."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Lilikuwa wazo langu, hakuna aliyewahi kulisikia, na nilijiona mjanja kuliko wote.

Tangu siku ile Nekesa akaanza kutembea kwa kuegemea upande mmoja. Kila asubuhi alitujia akatuomba tuitazame miguu yake. Tulimlaza, tukailinganisha, tukaipima kwa kijiti kwa uso wa kidaktari, kisha tukamwambia, "Wa kushoto umebaki nyuma." Akainuka akienda chopichopi. Tulirudia mchezo huo kwa wiki mbili.

Mama yake alipoona mtoto anachechemea, akaja mlangoni kwetu mikono ingali imekunjamana kwa sabuni. Hakuwa na hasira. "Mueni, umeruka mtoto wangu?"

"Nilimrudisha, Mama Nekesa. Uliza hawa."

"Ni ukweli, alimrudisha," wenzangu wakasema. "Tulimuona."

Alisimama akifikiri. Kama Mueni alimrudisha na mtoto bado anachechemea, basi kuna wengine wanaomruka wakati mama yuko kazini, na huwezi kumtafuta kila mtoto wa Kisumu Ndogo aje arudishe. "Atarukwa na wangapi, na mimi siko?" akamuuliza mama yangu. Mama akasema hata yeye angemfungia ndani. Kesho yake, Mama Nekesa alipokwenda kazini, aliacha kufuli nje ya mlango.

Ningeweza kuifungua kufuli ile kwa sentensi moja. Kila asubuhi nilipoisikia ikibofywa niliijua sentensi hiyo, na kila asubuhi niliinyamazia, kwa sababu kuisema kungeniletea kiboko.

Tuliendelea kucheza mbele ya mlango wake, kwani pale ndipo palipokuwa tambarare. Kwenye mabati yao kulikuwa na tundu la msumari. Miezi ya mwanzo Nekesa alituhesabia miruko kupitia tundu lile, akabisha, akapiga kelele nani ametoka. Baadaye akawa anatazama tu. Mwishowe hakuna aliyetazama.

Alipoanza shule alikuwa karibu na miaka saba. Mpira ukirushwa ulimpiga kifuani, mikono yake imening'inia. Mwenzake akimnyang'anya penseli hakulia wala hakuivuta. Alingoja kuona watu wazima watafanya nini. Akiulizwa jambo alijibu neno moja. Tena alikuwa mfupi kuliko darasa zima, na mama yake aliwaonyesha majirani, "Mnaona? Si niliwaambia alirukwa?" Ploti nzima ikakubali. Hakuna aliyetaja kwamba Mama Nekesa mwenyewe alikuwa akifika begani kwa wanawake wenzake. Mimi pia sikuliona hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na moja, na hofu ilinipata. Saa ya mapumziko nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya darasa, nikamwambia alale. Alilala mara moja, miguu pamoja, macho amefumba. Nikamruka kwa miguu yangu yote miwili.

"Haya, nimekurudisha. Enda ucheze."

Aliinuka, akajipangusa sketi, akasimama mbele yangu. "Nicheze nini?"

Akaenda kukaa ukutani mpaka kengele ikalia.

Leo ninalea watoto wadogo Kawangware, chumba kimoja na uwanja, upande wa kuelekea Riruta. Vifaa vyetu ni mikebe, vifuniko vya chupa, mpira wa makaratasi na kamba. Wazazi huniuliza watoto wataacha lini kucheza waanze kusoma. Mimi nimeona miguu inavyonyooka kwa kukimbizana, na maneno yanavyomtoka mtoto anapogombania zamu yake. Nimeyaona kwa yule niliyemnyima. Sikumpunguzia Nekesa hata inchi moja. Nilimpokonya mahali pa kuwania zamu na wenzake.

Mwaka jana alikuja na mwanawe wa miaka miwili, Wafula. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Wewe ni Mueni wa blada."

"Ni mimi. Nekesa, ile siku nilikuruka..."

"Hiyo iliisha," akanikata. "Mimi nataka kitu moja. Huyu akae. Usimwachilie na wengine, watamruka. Mpatie kiti akae hapo mpaka nikuje."

"Nitamkalisha," nikasema.

Simkalishi. Akifika tu anakuwa wa kwanza uwanjani, na hakuna anayegombania mpira kama yeye. Saa kumi na moja kasoro ninamtoa katikati ya wenzake akilia, ninampangusa vumbi magotini, ninamweka kitini. Nekesa akiingia huuliza, "Amekaa?" Ninamwambia amekaa. Sina ruhusa ya kufanya hivyo, na ninafanya. Najua pia kwamba mtoto anayecheza hujifunza kusema upesi, na siku atakapojua kumweleza mama yake, nitampoteza na atafungiwa.

Jana, mama yake alipoingia, Wafula alinyoosha kidole uwanjani akasema, "Mpira. Yangu."

Nekesa alinigeukia. Nikamwambia, "Anawaona tu wenzake wakiucheza. Huwa anawatazama kutoka hapo kwa kiti."

Aliitikia kwa kichwa, uso ukalegea, akambeba mtoto. "Hiyo ni sawa," akasema. "Kutazama ni sawa. Hata mimi nilikuwa natazama."

Aliondoka ameridhika. Mimi nilibaki nimeshika kile kiti, nikaona haya kiasi kwamba sikuweza kuwatazama watoto waliobaki.